Mali Bila Daftari: Sarafu za Zamani na Deni la Mwanafunzi wa Kiswahili

Mtu akitaja ukusanyaji wa sarafu za kale, fikira za wengi wetu huvuka bahari moja kwa moja hadi Ulaya, kwa matajiri wanaoshindana minadani kununua dinari za fedha za Warumi. Huonekana kuwa ni starehe ya watu wenye pesa za kuchezea, wala si jambo la kumshughulisha mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi Nyeri, Karatina au Chuka, ambaye karo yenyewe kwake ni mtihani. Makala haya yanapinga fikira hiyo. Msimamo wangu ni kwamba sarafu za zamani ni matini, na kwamba matini hizo zinapotea katika miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya huku sisi, ambao kazi yetu ni kuzisoma, tumefumba macho. Fauka ya hayo, naamini kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina uwezo wa kulitatua tatizo hili kwa gharama ndogo mno, lau vitataka.

Roma iliyomo vinywani mwetu

Tuanze na lugha, maana ndiyo taaluma yetu. Dinari ilianza kufuliwa Roma mnamo mwaka 211 hivi kabla ya Kristo. Jina lake la Kilatini, denarius, lilitokana na hesabu ya kumi, kwa kuwa hapo mwanzo sarafu moja ya fedha ilikuwa na thamani ya sarafu kumi za shaba. Neno hilo likapita kwa Wagiriki, likaingia katika Kiarabu, na huko likawa jina la sarafu ya dhahabu; hatimaye likafika katika Kiswahili. Msomaji wa Biblia hukutana nalo katika mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu, ambao ujira wao wa kutwa ulikuwa dinari moja, na tena katika swali kuhusu kodi ya Kaisari. Neno fulusi, ambalo wengi hulichukulia kuwa la Kiarabu tupu, asili yake ni follis, jina la sarafu nyingine ya Warumi. Dirhamu nayo ni drachma ya Wagiriki. Hata Kaisari mwenyewe ni jina la ukoo wa Kirumi lililogeuka kuwa cheo.

Kwa hivyo, ingawa askari wa Roma hawakupata kuuona Mlima Kenya, majina ya sarafu zao yamo katika kamusi tunazobeba kila siku. Wala si majina ya Kirumi pekee. Pesa ilitoka Bara Hindi. Rupia ilitoka huko huko, katika neno lenye maana ya fedha iliyofuliwa. Hela ni Heller ya Wajerumani, waliyoianzisha katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904, na ambayo leo ni neno la kawaida la Mtanzania anayetaja pesa za aina yoyote. Shilingi ni ya Waingereza. Lugha yetu imehifadhi orodha ya wote waliowahi kufanya biashara nasi, na wote waliowahi kututoza kodi.

Kuna neno moja linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nalo ni sumuni. Kila mzee wa Nyeri anajua kwamba sumuni, au thumuni kwa matamshi ya Kikikuyu, ni senti 50. Lakini asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Senti 50 ni nusu ya shilingi. Imekuwaje basi ziitwe sehemu ya nane? Jibu limo katika historia ya sarafu. Sumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale, ile sarafu kubwa ya fedha iliyotumika pwani katika karne ya 19. Riale ilihesabiwa kuwa kama rupia mbili, na kwa hivyo sumuni ikawa robo ya rupia. Rupia ilipokuja kuhesabiwa kuwa shilingi mbili, robo yake ikawa senti 50. Jina likabaki palepale huku sarafu tatu zikipita chini yake. Mkulima aliyeuza viazi Karatina kwa thumuni moja alikuwa akitamka, bila kujua, hesabu ya wafanyabiashara wa Unguja wa enzi za masultani. Mwanaisimu gani hatatamani mfano kama huu?

Kikikuyu nacho kimefanya kazi yake ya kupokea na kugeuza: fedha ikawa betha, pesa ikawa mbeca, rupia ikawa rubia, shilingi ikawa ciringi. Kuna pia ndururu, jina la senti tano zenye tundu, linalosikika vijijini na katika Kiswahili cha Kenya vilevile. Wanaoyatumia majina haya kwa sarafu halisi waliyowahi kuishika, si kwa mzaha wala kwa kumbukumbu ya kuambiwa, wanapungua kila mwaka.

Fedha iliyokosa fedha

Katika Kiswahili, neno fedha lina maana mbili: madini yenyewe meupe, na mali ya kununulia. Wanafunzi wa semantiki hufundishwa hilo kama mfano wa upanuzi wa maana. Historia ya sarafu katika eneo letu inaonyesha kwamba maana hizo mbili zilitenganishwa na serikali, hatua kwa hatua, na tarehe zake zinajulikana.

Waingereza walianzisha kituo chao cha Nyeri mwishoni mwa mwaka 1902. Wakati huo kodi ya nyumba, iliyowekwa kisheria mwaka 1901, ilidaiwa kwa rupia. Rupia ya Bara Hindi ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya asilimia 91 ya uzito huo ilikuwa fedha halisi, yaani karibu gramu 10.7. Mwaka 1920 ikaletwa florini badala ya rupia, moja kwa moja. Uzito ulikuwa uleule, lakini fedha ndani yake ilikuwa asilimia 50 tu, yaani gramu 5.8 hivi. Kisha zikaja shilingi zenye tarehe ya 1921, mbili kwa florini moja, nazo zilikuwa na asilimia 25 ya fedha. Shilingi mbili kwa pamoja zilibeba chini ya gramu 4. Kuanzia shilingi za mwaka 1948, fedha ikatoweka kabisa, ikabaki shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa muda wa chini ya miaka 30, thamani iliyotajwa ilibaki ileile ilhali madini yaliyolipa neno fedha jina lake yaliondoka hadi sufuri.

Hapa ndipo dinari ya Roma inapotufaa kama kioo. Mnamo mwaka 64 baada ya Kristo, Nero aliipunguza dinari uzito na ubora. Warithi wake wakaendelea vivyo hivyo. Enzi za Septimius Severus fedha ilikuwa takriban nusu, na kufikia miaka ya 270 sarafu iliyochukua nafasi ya dinari ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5, ikipakwa juu juu ili ing'ae. Dola ya Roma ilichukua karne mbili kufanya hivyo. Sidai kwamba sababu zilikuwa zilezile. Bei ya fedha ilikuwa imepanda mno duniani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na Uingereza nayo ilipunguza fedha katika sarafu zake mwaka 1920. Hata hivyo, mfanyakazi wa shamba la kahawa hakuulizwa. Miaka hiyohiyo ya kubadilishwa kwa sarafu ndiyo walowezi walipotaka mishahara ya Waafrika ipunguzwe kwa thuluthi, na ndiyo Harry Thuku na wenzake walipounda Chama cha Afrika Mashariki mwaka 1921 kupinga jambo hilo pamoja na kodi na kipande. Thuku alikamatwa Machi 1922. Mtu akiishika rupia kwa mkono mmoja na shilingi ya 1922 kwa mkono wa pili, atakuwa ameshika ushahidi wa mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi.

Zaidi ya hayo, shilingi hizo zilizungumza lugha ya Roma. Kando ya kichwa cha Mfalme George wa Tano yaliandikwa maneno ya Kilatini, na miongoni mwake kifupisho IMP, yaani imperator. Kifupisho hichohicho kimo katika dinari za Augusto. Mwafrika aliyekwenda kulipa kodi kwa karani wa Mkuu wa Wilaya alikabidhi matini ambayo hakuna aliyekusudia aisome. Upande wa pili alikuwepo simba aliyesimama mbele ya milima, ishara inayoeleweka bila kisomo. Uteuzi huo wa lugha na picha, nani asome na nani atazame tu, ni suala la fasihi na siasa kwa pamoja.

Ndururu na sumuni nazo zina visa vyao. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alikaa kitini kwa miezi isiyotimia kumi na mmoja, akajiuzulu bila kutawazwa rasmi. Huko kwao Uingereza hakuna sarafu yenye sura yake iliyopata kuingia sokoni. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura, kwa hivyo zilifuliwa zikiwa na jina lake na zikatumika. Mfalme ambaye raia wake wa London hawakupata kumweka mfukoni alitungwa kwenye uzi katika masoko yetu. Na usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Mfalme George wa Sita alipofariki, binti yake Elizabeth alikuwa katika hoteli ya Treetops, msituni Nyandarua, wilayani Nyeri. Sura iliyokuja kuonekana kwenye sumuni za miaka iliyofuata ilianza umalkia wake katika eneo hili.

Mkebe wa nyanya na mfuko wa broka

Sarafu hizi ziko wapi leo? Kenya ilianza kutoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966, na zile za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zikaacha kutumika miaka michache baadaye. Zilizosalia ziliishia katika mikebe ya majani chai, katika vitambaa vilivyofungwa fundo, chini ya masanduku. Wazee husimulia pia za kufukiwa ardhini wakati wa Hali ya Hatari, watu walipohamishiwa vijiji vya lazima wasijue kama watarudi. Baadhi zimefukuliwa, nyingine zimo mashambani hadi leo.

Anayezitafuta kwa bidii si mwanafunzi wala mwalimu. Ni broka. Hupita akiuliza rupia na shilingi za zamani, hutoa bei ya kumfurahisha mwenye mkebe kwa siku moja, na huondoka. Baadhi ya sarafu huenda kwa wakusanyaji, nyingine huenda kuyeyushwa. Tufanye hesabu: shilingi moja ya mwaka 1925, ikiyeyushwa, haitoi hata gramu mbili za fedha. Kwa gramu hizo mbili tunapoteza tarehe, maandishi, alama ya matumizi, na jina ambalo mwenyewe aliiita. Hapo methali yetu kwamba fedha ilivunja nguu na milima ikalala inapata maana nyingine.

Upande wa pili wa tatizo ni uvumi. Kuna wanaoaminishwa kwamba sarafu yoyote yenye tundu au yenye kichwa cha mfalme ni utajiri, na kuna matapeli wanaodai ada ya kumtafutia mtu mnunuzi wa mamilioni ambaye hayupo. Sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru na yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, ni mojawapo ya zinazosemwa sana. Ujinga huu una tiba, nayo ni maarifa madogo tu. Uzee si uadimu. Dinari za Roma zilifuliwa kwa mamilioni, ndiyo maana za kawaida huweza kununuliwa na mtu wa kipato cha wastani huko Ulaya, ilhali zile chache alizofua Brutus mwaka 42 kabla ya Kristo kujivunia kuuawa kwa Kaisari, zenye picha ya majambia mawili, hugharimu mali. Bei huamuliwa na idadi iliyofuliwa, idadi iliyosalia, na hali ya sarafu. Ndururu ya 1936 yenye jina la Edward ina kisa kizuri, lakini zilikuwa nyingi, na bei yake ni ndogo. Vilevile anayeisugua sarafu kwa jivu, mchanga au ndimu ili ing'ae huipunguzia thamani papo hapo, kwa kuwa anafuta alama ambazo mtaalamu angezisoma.

Je, hii ni kazi ya fasihi?

Najua atakuwepo msomi mwenzangu atakayeuliza: haya si ya wanahistoria na wanaakiolojia? Kwa nini mwanafunzi wa fasihi aache riwaya na tenzi akahesabu senti?

Jibu la kwanza ni kwamba waandishi wa sarafu za kwanza za Waswahili walijiona kuwa watunzi. Sarafu za masultani wa Kilwa ziliandikwa kwa Kiarabu jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande mwingine, na pande hizo mbili zikaunganishwa kwa vina. Aliyeigeuza sarafu mkononi alikuwa anakamilisha ubeti. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua mwaka 1984 hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na zikawa ushahidi mkubwa wa maisha ya mwambao wa karne ya 11. Lau hazina hiyo ingeangukia mfuko wa broka, leo tungekuwa na bangili kadhaa tu na ukurasa mtupu.

Jibu la pili ni kwamba mwanahistoria atauliza sarafu ilifuliwa lini na wapi. Huenda asiulize mwenyewe aliiitaje, alinunulia nini, wimbo gani wa kazi uliitaja, au methali gani ilizaliwa nayo. Hayo ni maswali yetu. Nimewahi kuketi na wazee wa Tetu na Mukurwe-ini nikiwa katika utafiti wa fasihi simulizi, nikagundua kwamba mtu anayesema amesahau masimulizi ya ujana wake huyakumbuka akishikishwa ndururu. Atataja duka la Mhindi, kilo ya sukari, kaptura ya kwanza ya shule, kaka aliyekwenda Burma na hakurudi. Sarafu humfungua mdomo kuliko dodoso lolote la utafiti.

Jibu la tatu latoka katika zama zetu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu binafsi kwenye noti na sarafu za Kenya. Mwezi Desemba 2018 zikatolewa sarafu mpya zenye twiga, kifaru, simba na ndovu badala ya marais. Wakenya walibishana kuhusu picha hizo kama wanavyobishana wahakiki kuhusu jalada la riwaya. Anayeweza kumlinganisha simba wa 2018 na simba wa 1921 ana mada ya tasnifu nzima.

La kufanya

Sipendekezi vyama vyetu vinunue sarafu. Hatuna pesa hizo, na kununua hugeuza kila mzungumzaji kuwa muuzaji. Wala sipendekezi tuagize dinari za Roma. Biashara hiyo ina mitego yake: sarafu ya dhahabu ya Brutus iliyouzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni nne ilirudishwa Ugiriki mwaka 2023, baada ya kubainika kwamba karatasi za asili yake zilikuwa za uongo. Ikiwa minada mikubwa hudanganywa, sisi tutapona vipi?

Ninapendekeza daftari. Kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili, Karatina, Chuka, Embu, Meru na Kirinyaga, kifungue daftari moja la sarafu. Mwanafunzi anapokwenda likizo, aombe ruhusa ya wazee wa kwao, apige picha ya pande zote mbili, apime uzito kwa mizani ndogo, aandike tarehe na maandishi yaliyomo, kisha aandike jina la sarafu kama lilivyotamkwa na mwenyewe, kwa Kikikuyu, Kimeru, Kiembu au Kiswahili, pamoja na kisa chake. Sarafu irudi mkebeni. Jina na makazi ya mwenyewe yasichapishwe, tusije tukawaelekeza wezi. Nakala ya daftari ihifadhiwe maktabani, na nyingine ipelekwe katika Makumbusho ya Nyeri kule Ruring'u au Makumbusho ya Meru. Wahadhiri nao wakubali kazi hiyo kama sehemu ya alama za kozi za leksikografia na fasihi simulizi. Bila hilo, itabaki ndoto ya wachache.

Sheria nayo ieleweke. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na huzuia kisafirishwe nje bila kibali. Rupia za fedha za Mombasa za mwaka 1888, zilizotolewa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, zimo katika kundi hilo. Broka anayezichukua ili kuzipeleka ng'ambo anapaswa kuulizwa kibali chake.

Hoja moja inanisumbua, na sitaikwepa. Je, tunayo haki ya kumwambia nyanya mwenye shida ya dawa asiuze rupia zake? Hatuna. Mali ni yake, na njaa haingoji utafiti. Lakini nyanya aliyeandikiwa sarafu yake, akaelezwa uzito na uadimu wake, hatauza kwa bei ya kuhurumiwa. Na akiuza, maneno yake yatakuwa yamebaki. Daftari humlinda yeye kwanza, kisha hutulinda sisi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye duka. Leo nadhani onyo hilo latuhusu sisi tunaojiita warithi wa lugha hii aali. Mali tunayo, imo katika mikebe ya vijijini kwetu na katika ndimi za wazee wetu, na likizo ijayo haiko mbali.